Jinsi ya Kuiibia Saa kwa Kutumia Presha

Sogea karibu tuongee kwa sauti ya chini. Trei imejaa sampuli, mashine ni moja, na kila sampuli inakaa ndani dakika hamsini. Bosi anataka majibu Ijumaa. Wewe unataka majibu yatoke, unataka usifiwe mbele ya wenzako, na unataka kuwahi daladala kabla haijajaa. Yote matatu ni haki yako. Nitakufundisha kuiba dakika, wizi ambao hata mkaguzi wa ubora anaweza kuupigia saini, mradi uufanye kwa adabu.

Wengi wakitaka kuharakisha kromatografia ya gesi hukimbilia joto, na sina ugomvi nao. Joto lina nguvu. Kwa makadirio ya kawaida, ukipandisha oveni nyuzi 15 hadi 20 hivi, kiungo kinashikwa na kolamu nusu tu ya muda wa mwanzo. Presha haina ubabe huo: unaongeza mtiririko maradufu, muda unapungua nusu, basi. Lakini joto lina mwisho wake. Kolamu ina kikomo, viungo vingine huvunjika vikichomwa, na oveni iliyofika nyuzi 300 lazima ipoe kabla sampuli nyingine haijaingia. Presha hupanda kwa sekunde na kushuka kwa sekunde. Hapo ndipo tutakapopenyea.

Mali tutakayoishughulikia ni mafuta ya karafuu, yale ya Pemba na Unguja, kwa sababu ni yetu na kwa sababu msafara wake unajulikana. Kwenye kolamu ya kawaida isiyo na ncha za umeme, eugenoli hutangulia, ikafuatwa na beta-kariofilini, halafu alfa-humulini, kisha asetati ya eugenoli, na nyuma yao huja oksidi ya kariofilini. Eugenoli peke yake mara nyingi ni asilimia 70 hadi 90 ya mafuta yote. Likumbuke hilo jitu, maana litatusumbua huko mbele.

Hatua ya kwanza: mkamate anayekuibia wewe

Kama mashine yako imewekwa kwenye presha isiyobadilika, unaibiwa kila oveni inapopanda. Mafuta ya kupikia yakipata moto huwa mepesi. Gesi hufanya kinyume, ikipata moto mnato wake huongezeka. Kutoka nyuzi 50 hadi 300, mnato wa heli hukua karibu mara moja na nusu. Papo hapo gesi inatanuka. Jumlisha mawili hayo, na mtiririko uliokuwa mililita 1 kwa dakika mwanzoni unabaki kama mililita 0.4 mwishoni. Yaani viungo vizito, ambavyo ndivyo vivivu kuliko vyote, unavisukuma kwa gesi isiyofika nusu ya ile ya mwanzo. Halafu unashangaa kwa nini sehemu ya mwisho ya kromatogramu inachukua asubuhi nzima.

Dawa yake ni kitufe kimoja: chagua mtiririko usiobadilika. Mashine itapandisha presha yenyewe kadiri oveni inavyopanda. Kwa kolamu ya mita 30 yenye kipenyo cha ndani cha milimita 0.25, heli ya mililita 1 kwa dakika, na kigunduzi cha mwale, itaanza na kilopaskali 80 hivi juu ya presha ya hewa, na oveni ikifika nyuzi 300 itakuwa inakaribia 160. Ukiwa na spektrometa ya masi, ambayo inavuta upande wa pili kwa ombwe, itaanza chini zaidi, karibu 50, na kumalizia kwenye 140 hivi. Huo tayari ni mpango wa presha, na hujaandika hata mstari mmoja. Wenzako watadhani ulikesha ukisoma. Waache wadhani.

Wazee wa kazi hii hawakuwa na kitufe hicho. Archer Martin na Richard Synge waliandika mwaka 1941 kwamba gesi ingeweza kubeba viungo na kuvitenganisha, na wazo likakaa zaidi ya miaka kumi bila mtu wa kulishughulikia. Martin mwenyewe, akiwa na Anthony James, ndiye aliyelifanyia kazi na kulitangaza mwaka 1952, mwaka ule ule yeye na Synge walipopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kwa miongo mingi baada ya hapo, aliyetaka kubadilisha presha katikati ya safari ya sampuli alizungusha kirekebishi kwa mkono, jicho moja kwenye geji na jingine kwenye saa. Vidhibiti vya kielektroniki vilienea miaka ya 1990. Ndiyo maana huniuma kuona mashine yenye kidhibiti kizuri imeachwa kwenye presha moja mwaka nenda mwaka rudi, kwa sababu tu aliyeifunga aliiacha hivyo.

Hatua ya pili: iibie saa, lakini mashine iambie kweli

Sikiliza siri hii, maana wengi hufa nayo. Ile namba ya mtiririko wa kolamu unayoiona kwenye skrini haikupimwa. Imekokotolewa. Mashine inajua presha iliyo mlangoni na joto la oveni. Mengine yote umeiambia wewe: urefu wa kolamu, kipenyo chake, aina ya gesi, na kama upande wa pili kuna hewa au ombwe. Inachukua maneno yako, inayaingiza kwenye kanuni ya Poiseuille, yule tabibu Mfaransa aliyechunguza jinsi vimiminika vinavyopita kwenye mirija myembamba akitaka kuelewa mwendo wa damu, na inakupa jibu.

Kwenye kanuni hiyo nusu kipenyo inazidishwa yenyewe kwa yenyewe mara nne. Kwa hiyo kolamu iliyoandikwa milimita 0.25, kumbe ina 0.26, inapitisha gesi asilimia 17 zaidi ya unayodhani. Na wewe mwenyewe hukata kolamu, sivyo? Kila mlango wa kolamu ukichafuka unakata kipande kama cha nusu mita, unaifunga tena, unasonga mbele. Baada ya kukata mara kadhaa una mita 28 wakati mashine inaamini ni 30. Ukipanga presha juu ya uongo huo, unapanga safari kwa ramani ya mji mwingine.

Njia ya mkato ipo, na ni halali. Vuta gesi kidogo ya kiberiti cha gesi kwa sindano, idunge oveni ikiwa na joto la kutosha, nyuzi 100 na zaidi, na hesabu muda hadi kilele kitokee. Butani iliyomo haishikwi sana na kolamu ikiwa na moto, kwa hiyo muda huo unakaribia muda wa gesi tupu kupita. Ukiwa na metani, tumia metani, ndiyo bora. Kwa kolamu ya mita 30 na heli ya mililita 1, tegemea kitu karibu na dakika mbili. Kisha rekebisha urefu kwenye mashine mpaka namba yake na saa yako zikubaliane. Kazi yote haizidi muda wa kunywa chai, na kila utakachokipanga baada ya hapo kitakuwa na miguu.

Hatua ya tatu: chagua gesi inayopenda mbio

Mwaka 1956 van Deemter na wenzake waliokuwa Shell, Amsterdam, walionyesha kwamba kila kolamu ina mwendo wa gesi unaoipa utenganisho bora. Ukienda polepole mno vilele vinatawanyika, ukienda mbio mno vinatawanyika pia. Tofauti kubwa iko kwenye jinsi kila gesi inavyokuadhibu ukizidisha mwendo. Naitrojeni hupenda sentimita 12 hivi kwa sekunde, na ukiivusha hapo inakuadhibu mara moja. Heli inaridhika kati ya 20 na 30. Hidrojeni hupenda 35 hadi 50, na hata ukiizidisha inaendelea kukuvumilia. Juu ya hayo, mnato wake haufiki nusu ya ule wa heli, kwa hiyo presha kidogo inakupa mwendo mwingi.

Kama unapanga kucheza na mtiririko huku unatumia naitrojeni, nakushauri uache. Utapata kasi na utapoteza kila kitu kingine.

Heli ndiyo ya waungwana, ila bei yake unaijua, na unajua pia mtungi unavyoweza kuchelewa. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kuwa ardhi ya bonde la Ziwa Rukwa ina heli nyingi, na tangu hapo nimekuwa nikiota mtungi wa heli ulioandikwa Tanzania ukiwa umesimama kwenye maabara ya Tanzania. Mpaka siku hiyo ifike, hidrojeni ni rafiki mzuri kwa anayeiheshimu. Hulipuka ikifikia asilimia 4 tu hewani. Weka kitambuzi cha uvujaji, pitisha bomba la mlango wa kugawia nje ya chumba, na kabla ya kuwasha oveni hakikisha kolamu haijavunjika ndani yake. Katika jambo hili usitafute njia ya mkato.

Hatua ya nne: sukuma mlangoni, kisha legeza

Hatua hii iruke kama una mafuta ya karafuu tu, maana hayo yana viungo tele na unayadunga kwa kugawa. Isome kama unatafuta mabaki ya viuatilifu kwenye maharage machanga au nyanya, pale unapodunga bila kugawa na kila nanogramu ina thamani.

Mikrolita 1 ya maji ikidungwa kwenye mlango wa nyuzi 250 na presha ya kilopaskali 70, inageuka mvuke wa karibu mikrolita 1,400. Mrija wa kioo ulio ndani ya mlango kwa kawaida hauna nafasi hata ya 1,000. Mvuke unafurika, unapanda juu, unagusa chuma, na sampuli yako ya leo inakuja kukutembelea kesho kwenye sampuli ya mtu mwingine. Methanoli hutoa zaidi ya mikrolita 600. Heksani ni mpole, haifiki 200.

Sasa panga presha ipande hadi kilopaskali 200 hivi kabla sindano haijaingia, ikae hapo dakika moja au pungufu, kisha irudi chini. Mvuke wa maji unabanwa hadi karibu mikrolita 800, na ule wa methanoli hadi 350. Mlango unatosha. Zaidi ya hapo, sampuli haikawii kwenye moto. Endrini na DDT ni mashuhuri kwa kuvunjika mlangoni. DDT hugeuka DDE na DDD, na wewe unaandika ripoti kwamba mkulima alitumia zamani kitu ambacho kimetengenezwa na mlango wako mchafu. Hilo si jambo dogo, kuna mtu atanyimwa soko kwa karatasi hiyo. Presha ya muda mfupi inawatoa kwenye moto kabla hawajaharibika. Ianze oveni ikiwa chini ya nyuzi za kuchemka za kiyeyushi, nyuzi 10 hadi 20 chini, ili kila kitu kijikusanye kwenye kichwa cha kolamu. Utapata vilele vyembamba ambavyo utatamani kuvibandika ukutani.

Hatua ya tano: iba pale penye ziada

Hapa ndipo penye utamu. Chukua kromatogramu yako ya karafuu ya siku zote, ichape kwenye karatasi, na uiangalie kama mwizi anavyoangalia nyumba. Wapi kuna watu? Wapi hakuna mtu?

Utaona kwamba utenganisho unahitajika sehemu chache tu. Sehemu ya kwanza ni eugenoli na beta-kariofilini. Eugenoli ni nyingi mno, kilele chake hujaa, hulala upande na kunenepa, na jirani yake yuko karibu. Hapo usiguse kitu. Mtiririko ubaki mililita 1, presha ipande kwa utaratibu wake wa kawaida. Ukiharakisha hapo, jitu litamkanyaga jirani, na asilimia ya kariofilini utakayoiandika itakuwa ya kubuni.

Alfa-humulini ikishatoka, mpaka kwenye asetati ya eugenoli kuna nafasi. Hapo unaanza. Pandisha mtiririko taratibu kutoka mililita 1 hadi 1.5. Asetati itakuja mapema, nyembamba, imesimama wima. Baada ya oksidi ya kariofilini hakuna tena mtu unayemhitaji, ila kuna mabaki mazito yanayojivuta, na kama hukuyatoa leo yatatoka kesho yakiwa kilima katikati ya kazi. Wengi hupandisha oveni nyuzi 300 na kusubiri robo saa. Wewe pandisha mtiririko hadi mililita 3 papo hapo, na joto la wastani. Mabaki yanatoka, kolamu haijachomwa bure, na oveni inapoa mapema kwa sababu haikupanda sana. Dakika za kupoa huwa hazihesabiwi na mtu, na ndizo nyingi.

Kumbuka jambo moja la heshima. Kama unatambua viungo kwa fahirisi za alkani, zile za van den Dool na Kratz za mwaka 1963, dunga mchanganyiko wako wa alkani kwa mpango huu huu mpya. Ukitumia muda wa alkani wa mpango wa zamani kwa sampuli ya mpango mpya, utagundua kwenye karafuu za Pemba viungo ambavyo mikarafuu haijawahi kuvitengeneza, na utavitangaza kwa furaha.

Hatua ya sita: mtoe aliyelala kwa mlango wa nyuma

Kama maabara yako ina kiungio cha katikati ya kolamu chenye presha yake, una bahati kubwa. Kilele cha mwisho unachokihitaji kikishavuka kiungio, shusha presha ya mlango wa mbele na pandisha ile ya katikati. Gesi inageuka, inarudi ilikotoka, na mabaki mazito yanatolewa kwa mlango yalioingilia badala ya kuburutwa kolamu nzima. Mtafiti aitwaye Deans aliandika kuhusu kugeuza mikondo kwa presha tupu, bila vali kwenye njia ya moto, mwaka 1968. Ni wazo zuri kiasi kwamba sioni sababu ya mtu mwenye kifaa hicho kuendelea kuchoma kolamu.

Hatua ya saba: muulize kigunduzi kama anakubali

Kigunduzi cha mwale huhesabu masi inayofika. Ukiharakisha gesi, kilele kinarefuka na kuwa chembamba, lakini eneo lake linabaki lile lile, kwa hiyo hesabu yako iko salama. Na kilele kirefu kinapendeza, tusidanganyane. Weka tu gesi ya kujazia ipungue kadiri ile ya kolamu inavyoongezeka, ili mwale usiyumbe.

Kigunduzi cha upitishaji joto ni mtu mwingine kabisa. Huyo anahisi mkusanyiko. Ukiongeza mtiririko, eneo linapungua, na mstari wa chini unapanda au kushuka kama bahari ya kusi. Kwake, mtiririko uache ulivyo. Spektrometa ya masi nayo ina pampu yenye kikomo. Soma kikomo hicho kabla hujaandika mililita 3, hasa mashine ikiwa ya umri.

Hatua ya nane: ukishindwa, shindwa kwa heshima

Kuna siku vilele viwili vitaungana. Usivute kiti ukaanza kuchora mstari wa kuvigawa kwa kipanya ili vionekane viwili; mchoro huo unaishi kwenye kumbukumbu za kompyuta na siku moja utasomwa. Rudisha nusu ya mtiririko ulioongeza, jaribu. Ikikataa, rudisha wote kwenye sehemu hiyo peke yake, uache wizi wako wa mwishoni ulivyo. Mara nyingi dakika nyingi ziko mwishoni hata hivyo, na waliokuwa wakigombana katikati wataendelea na maisha yao.

Hatua ya tisa: jitangaze

Usijitangaze kabla ya ushahidi. Maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025 haibadilishi njia kwa sababu fundi amefurahi. Dunga kiwango kile kile mara sita kwa mpango mpya, linganisha muda na maeneo, dunga kiyeyushi kitupu kuona kama kuna mabaki, andika toleo jipya la njia na tarehe yake. Kama mafuta yanauzwa kwa kufuata kiwango cha ISO 3142 cha mafuta ya matumba ya karafuu, hakikisha asilimia zako za zamani na mpya zinafanana kwa sampuli ile ile.

Kisha chapa karatasi mbili: ya zamani na ya mpya, kwa kipimo kimoja cha muda, moja juu ya nyingine. Mpelekee bosi mbele za watu. Akikuuliza ulifanyaje, usijifanye mnyenyekevu. Vuta kiti, anza na mnato wa heli.